Vigingi Jikoni Mwangu

Wajukuu zangu wa ukoo wakipita kwa baiskeli pale barabara inapopinda nyuma ya soko, hulalamika. Wanasema barabara yote imenyooka kutoka mtoni hadi stesheni, isipokuwa pale tu, kana kwamba aliyeipima alisukumwa kiwiko. Mimi hucheka peke yangu. Aliyeipima hakusukumwa na mtu. Alikuwa kitandani anatetemeka kwa homa, na pale inapopinda palikuwa jikoni mwangu.

Kisa hiki nimekisimulia vipande vipande, leo mwanzo, kesho mwisho, kutegemea nani kaniudhi siku hiyo. Sasa naandika chote. Kuandika nilifundishwa na masista wa misheni kule mlimani nikiwa msichana, na kwa miaka mingi sikuwa na la kuandika.

Ilikuwa zamani za Mdachi, wakati reli ilipofika Morogoro ikakomea kwetu kwa muda kabla ya kuendelea bara. Aliyezaliwa baadaye hawezi kujua maana ya reli kukomea mjini kwenu. Kila kilichotoka bara kilikuja juu ya vichwa vya watu ili kipakiwe garini, na kila kilichotoka pwani kilishushwa garini ili kipande vichwa vya watu. Pembe, nta, mpira, ngozi ambazo ulizinusa kabla ya kuziona. Kutoka upande wa pili majora ya nguo, chumvi, mabati, nyaya za simu. Vyote hivyo vilipita njia moja, iliyobanwa na maduka ya Wahindi upande huu na vibanda vya soko upande ule. Wazee wetu waliiacha kwa upana wa watu wawili wanaopishana na makapu yao, kwa sababu zamani zao watu waliopishana pale walikuwa ndio hao wawili.

Asubuhi gari moshi likipiga honi ungeona vituko. Misafara inaingia kutoka mtoni, mikokoteni inatoka stesheni, mbuzi wa mchinjaji wako katikati, Mzungu mmoja yuko juu ya machela anafoka apishwe, na wanawake wa mlimani wanashuka na matenga ya maboga kichwani bila haraka yoyote, maana mwanamke wa Kiluguru aliyebeba mzigo hampishi mtu. Msafara ukikutana na mkokoteni, hakuna aliyekubali kurudi nyuma. Watu walisimama wakatukanana, wakachoka kutukanana, wakaanza kuulizana habari za nyumbani. Ndoa kadhaa ninazozijua zilianzia kwenye msongamano ule.

Nami niliupenda, nasema wazi. Nilikuwa mjane kijana. Ndui ilimchukua mume wangu mapema, hata mtoto hatukupata. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, ndani ya ukoo tunaouita lukolo, na mjomba wangu ndiye aliyenipa kipande chetu cha nyuma ya soko, pale njia ilipokuwa nyembamba kuliko kote. Nilitega mafiga yangu matatu, nikaezeka kibanda cha makuti, nikapika. Asubuhi uji wa mtama, mchana ugali na maharage ya mlimani. Mtu aliyekwama na mzigo kichwani hana la kufanya ila kunusa, na akinusa kwa muda wa kutosha hununua. Msongamano ndio ulionilisha. Bila ule ningerudi mlimani kwa mama, kulima shamba lililosimama wima.

Sasa nimtaje mtani wangu, ingawa jina lake silitaji. Alikuwa kirangozi, yaani kiongozi wa msafara wa wapagazi, Mnyamwezi mrefu mwenye pengo mbele na sauti iliyomtangulia. Wanyamwezi ni watani wetu. Wazee walisema walipita kwetu kwa miaka mingi, tukagombana nao, tukazikana, mwishowe tukaona ni nafuu kutaniana. Na utani kwetu haukuwa maneno matupu. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akachota chunguni, anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe, na wewe ukikasirika, aibu ni yako. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kukuchekesha kwa nguvu. Na ukifa wewe, yeye ndiye anayelala njiani mbele ya jeneza lako, anazuia lisipite, anakudai mambo ya uongo na kweli mpaka wenye msiba wamtulize kwa chochote. Asipokuja mtani, watu husema marehemu hakuwa na mtu.

Huyu wangu aliniita mke wangu tangu siku ya kwanza.

"Mke wangu, nimefika. Njaa inaniua."

"Mume gani anayenuka ngozi? Kaa huko upande wa upepo."

"Nyie Waluguru, kwani harufu mnaijua? Mnalima mmeng'ang'ania mlima kwa meno. Boga likikuponyoka asubuhi, jioni unalikuta Mlali kule bondeni."

"Na nyie mmezaliwa na mzigo kichwani, ndiyo maana akili haikupata pa kukaa."

Basi wapagazi wake wangecheka mpaka mizigo itikisike, naye angejichotea uji kwa mkono wake mwenyewe bila kuomba. Alipolipa alilipa vizuri, na asipolipa nilimnyang'anya ushanga shingoni. Sikuwa na mpenzi wakati ule, wala yeye hakuwa mpenzi wangu, wasinisingizie watu. Alikuwa mtani. Ni kitu kingine, na siku nyingine huyazidi mapenzi.

Mwaka huo Boma, yaani serikali ya Mdachi, likachoka na msongamano. Mkubwa mmoja alikwama kwenye machela mbele ya duka la vitambaa mpaka gari moshi likamwacha, na baada ya hapo akaja Mdachi wa barabara. Alikuwa kijana mwembamba mwenye masikio mekundu, na Kiswahili chake, alichokipata pwani, kilikuwa kizuri kuliko adabu zake. Alikuja na darubini ya miguu mitatu, akaisimamisha huku, akaisimamisha kule, akafunga jicho moja. Kisha akatangaza kwamba barabara mpya itatoka kwenye kivuko cha mto, ipite mbali nyuma ya soko, inyooke mpaka stesheni. Misafara na mikokoteni yote itapita huko. Njia ya zamani itabaki ya watu wa makapu.

Alikunywa uji kwangu akiwa anaeleza haya, amesimama, bakuli mkononi. Nikamuuliza, "Na mimi, Bwana, nitamuuzia nani?"

Akatazama uji wake. "Utapata nafasi," akasema. "Hapa patakuwa na hewa."

Hewa! Niliipigia mahesabu ile hewa usiku mzima na sikuona itakavyoliwa. Sikuwa na ruhusa ya kufuata barabara mpya, kwa kuwa viwanja vya huko havikuwa vya lukolo letu. Mama aliposhuka na tenga lake la maharage nikamwamkia, "Shikamoo mama," naye kabla ya kuitikia marahaba akaniambia jembe langu la zamani bado lipo nyuma ya mlango. Mama hakuwa mtu wa kufariji. Alikuletea jembe.

Mdachi akapiga vigingi. Vilikuwa virefu, vyenye kitambaa cheupe kichwani, na vilikwenda mstari mmoja kutoka mtoni, vikipita mbali na kibanda changu kwa umbali wa kutosha kunifanya nife njaa. Jioni ile homa ikamwangusha, akabebwa hadi nyumbani kwake.

Kesho yake asubuhi kirangozi akaingia na msafara wake kutoka mtoni. Alinikuta nimenuna. Akauliza nini, nikamwambia: barabara inahama, na mume wangu wa uongo itabidi akale nyasi za huko stesheni. Kisha akatua mzigo, akapiga kelele kwa wapagazi wake, wakaondoka kundi zima kuelekea kwenye vigingi.

Nilidhani wanakwenda kuvitazama. Wakaanza kuving'oa. Waliving'oa vya katikati, huku wanaimba wimbo wao wa kubebea pembe, wakavichomeka upya kimoja kimoja kuelekea kwangu, kwa upinde mzuri kabisa, mpaka cha mwisho akakishindilia mwenyewe kirangozi katikati ya mafiga yangu, ndani ya majivu ya moto, sufuria ya uji imesogezwa pembeni kwa heshima zote. Kisha vikaendelea upande wa pili kuurudia mstari wa stesheni.

"Mke wangu," akasema akipangusa mikono, "nimekuletea barabara. Mume mwingine angekuletea khanga."

Soko zima lilicheka. Wahindi walitoka madukani wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika nguzo ya kibanda, kwa sababu huyo ndiye mwanamume wa kwanza aliyeniona nimenuna akafanya jambo.

"Haya, umeonekana," nikamwambia. "Sasa virudishe kabla Mdachi hajaamka."

"Nitaving'oa nikirudi kutoka stesheni. Gari linaondoka, sikia."

Akajitwika mzigo, akaenda. Huko stesheni akakuta mizigo ya haraka ya kwenda bara, na mwenye mizigo hakutaka kusubiri hata wale ugali. Wakaondoka moja kwa moja kwa upande wa pili wa mji. Habari ililetwa na mchukuzi mmoja wa mkokoteni: mume wako kasema vigingi ataving'oa akirudi. Safari yenyewe ilikuwa ya mwezi na zaidi.

Nikasema nitaviondoa mimi na wachuuzi wenzangu jioni, watu wakipungua. Lakini kabla ya adhuhuri wakaja vibarua wa Boma na mnyapara wao. Walikuwa watu waliotakiwa kulipa kodi na hawana, hivyo wakailipa kwa majembe; wengine walitoka vijiji vya kwetu na walinitazama kwa huruma. Mnyapara alikuwa mtu wa pwani, safi, aliyeogopa kukosea kuliko alivyoogopa simba. Nikamsogelea nikamwambia barabara haiwezi kupinda hivi, atazame mwenyewe.

"Mama," akasema, "mimi sitazami. Mimi nafuata vigingi."

Ningeweza kusema vimehamishwa. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Lakini swali la pili lingekuwa nani kavihamisha, na jibu la swali hilo katika siku zile lilikuwa kiboko. Nikatazama wenzangu wa soko. Wote walikuwa wameona, na wote hawakuwa wameona kitu. Muuza ndizi alikuwa anahesabu ndizi zake kwa makini ambayo sijawahi kuiona kwake.

Basi barabara ikachimbwa kwa mzaha wa mtani wangu. Walikata miti, wakachimba mitaro, wakamwaga mawe, na kila siku ilinisogelea. Walipofika kibandani wale vijana wa kwetu walinisaidia kuhamisha mafiga kando, na mnyapara akakisubiri kigingi cha majivuni kipoe ndipo akakishika. Mdachi alikuwa bado anatapika kitandani. Nikatega jiko upya ukingoni mwa barabara, nikapika, na kusema kweli biashara ilikuwa njema kupita zote, kwa kuwa sasa misafara ya barabara mpya na watu wa makapu wote walikutana kwangu. Nilianza kudhani Mungu naye ana watani.

Kisha Mdachi akapona. Alikuja kwa miguu, bado ana rangi ya manjano, akasimama penye kona. Alichungulia darubini, akaiacha, akachungulia tena, na nilimhurumia kidogo, maana alikuwa na uso wa mtu aliyeota barabara moja akaamshwa kwenye nyingine. Hakuweza kuivunja. Mvua zilikaribia, mawe yalikwisha kumwagwa, na mkubwa wake alikuwa njiani kuja kukagua. Akaja mpaka jikoni kwangu.

"Nani alihamisha vigingi?"

"Mimi napika, Bwana."

"Kimoja kilikuwa ndani ya majivu yako. Ulimwona."

"Nilikikuta, Bwana. Nilidhani umependa uji kiasi cha kuileta barabara mlangoni."

Watu wakacheka, na hapo ndipo nilipokosea hesabu. Masikio yake yalibadilika rangi. Akasema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya Mdachi ilikuwa mbaya kuliko ya juu: "Nitajie mtu huyo, nawe utapika hapa mpaka uzeeke. Usiponitajia, nisikuone tena kando ya barabara yangu. Ukingo wote ni wa Boma."

Akanipa mpaka asubuhi. Sikuhitaji mpaka asubuhi, ila nilitaka kuuza uji uliobaki. Kulipokucha nilifunga sufuria zangu kwenye kitambaa, nikayaacha mafiga mahali pake kwa kuwa mawe hayakimbii, nikaupanda mlima.

Mama hakuniuliza kitu. Alinipa jembe. Tulilima maharage pale penye mteremko, mguu mmoja juu mguu mmoja chini, na jirani wa karibu alikuwa sauti tu ng'ambo ya bonde. Ni kwetu, na maji yake ni matamu, na hewa, ile hewa aliyoniahidi Mdachi, imejaa tele. Lakini niliumwa na ukimya. Asubuhi honi ya gari moshi ilipanda kutoka bondeni ikiwa nyembamba sana, nami nilisimama na jembe nikaisikiliza, nikijua kwamba sasa hivi mkokoteni fulani na msafara fulani wamekutana na hakuna anayekubali kurudi nyuma.

"Umekuja kulima au kusikiliza?" mama akauliza.

"Vyote viwili, mama."

"Basi lima kwanza."

Siku zikapita, maharage yakatoa maua. Siku moja mchana tukasikia chini yetu mtu anahema na kuteleza na kutukana miti. Tukachungulia. Alikuwa kirangozi wangu, mtu aliyekwenda na kurudi bara na pwani mara zisizohesabika, anapanda shamba la mama yangu kwa mikono na magoti.

"Mke wangu!" akapiga kelele alipotuona. "Siku zote nasikia maboga yenu yanaponyoka yakishuka. Hili langu limeponyoka likapanda!"

Alipofika juu alimsalimu mama kwa adabu, akakataa kukaa. Mama akamletea kigoda, akakataa. Mama akamzunguka kwa nyuma, kisha akaingia ndani kutafuta mafuta ya mbarika na majani. Ndipo nami nikaenda nyuma yake nikaona shati limegandamana na mgongo.

Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza, amesimama, mama akimpaka. Alirudi kutoka safari, akaingia mjini akiongoza msafara, kengele na bendera mbele, akafika penye kona. Akasimama. Akaitazama barabara iliyopinda kwa kufuata mzaha wake, mtaro na mawe na kila kitu, na wapagazi nyuma yake wakasimama, na mikokoteni nyuma ya wapagazi. Msongamano wa kwanza wa barabara mpya uliletwa na yeye. Akauliza mke wake yuko wapi. Wakamwambia. Akatua mzigo, akaenda Boma.

"Nilimuuliza yule Bwana kwanza," akasema. "Nikisema ni nani, yule mwanamke atapika? Akasema atapika. Nikamwambia basi ni mimi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia yule ni mtani wangu. Karani akahangaika kumweleza utani ni nini, akaeleza mpaka jasho likamtoka. Bwana akasema haijui sheria hiyo. Basi wakanichapa kwa ile wanayoijua."

Mama akasema bila kuacha kupaka, "Mnyamwezi kazoea mzigo wa kichwani. Leo kajifunza wa mgongoni."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilimtukana. Nilimtukana kwa matusi ambayo masista hawakunifundisha, nikamwambia mjinga, nani kakutuma, mimi nimeyaacha mafiga yangu na soko langu na watu wangu kwa ajili ya huo mgongo, wewe unakwenda kuutoa kwa ajili ya mawe matatu!

Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. "Leo umenitukana kweli," akasema. "Si utani."

"Si utani!"

"Basi mimi ningekula wapi?"

Hapo nililia, nasema bila haya, nikaketi kwenye kile kigoda alichokikataa nikalia mpaka mama akaniambia ninamwagilia maharage kwa chumvi.

Tulishuka kesho yake. Wapagazi wake walikuwa wameezeka kibanda kipya ukingoni mwa kona, kibovu, kimeinama upande mmoja kwa sababu wale ni watu wa kubeba, si wa kujenga. Mafiga yalikuwa palepale. Mdachi wa barabara alipita, akasimama, akatazama kibanda, akamtazama kirangozi aliyekuwa anakula amesimama wima. Nikamchotea uji. Akaupokea. Bakuli alilirudisha tupu.

"Sasa vigingi vyangu utaving'oa lini?" nikamuuliza mtani wangu.

"Nikirudi safari, mke wangu. Si nimekuahidi?"

Ikawa ndiyo salamu yetu. Kila alipoondoka niliuliza, kila mara alijibu vilevile. Vigingi vyenyewe vilikwisha kuoza au kuchomwa, na mahali pa kile cha majivuni palipita magurudumu mchana kutwa. Ila ahadi ilibaki, na mimi niliidai kwa makelele mbele ya watu wote.

Kisha reli ikaondoka kwetu. Ikaendelea Kilosa, ikaendelea bara, na mizigo ikapita Morogoro ikiwa imekaa ndani ya gari. Barabara ya Mdachi ikawa pana kuliko waliopita. Mtani wangu alikuja na msafara mdogo, akaja na mdogo zaidi, akaja na wanaume wachache waliobeba ngozi ambazo hakuna aliyezitaka. Mwishowe akaja peke yake, akawa mchukuzi pale stesheni, akapanga chumba nyuma ya soko. Alikula kwangu kila siku. Alianza kukohoa, na matusi yake yakawa mafupi, kwa kuwa marefu yalimmaliza pumzi. Nilimpelekea uji ndani alipolala. Siku ya mwisho niliyomwona akiwa na akili zake nilimuuliza vigingi vipi. Akanyanyua kidole kimoja, maana yake ngoja.

Alikufa alfajiri. Hakuwa na ndugu mjini. Wanyamwezi wachache waliobaki walimwosha na kumvisha sanda, maana alisilimu zamani huko pwani, wakambeba kuelekea makaburini, na njia ya makaburini ilikuwa barabara ile ile.

Nilikuwa ninawangoja. Nilikuwa nimeyachukua mafiga yangu matatu na kuyatega katikati ya barabara, penye kona, nikawasha moto, nikabandika sufuria, nikaketi mbele yake. Jeneza likaja, likasimama. Nyuma yake ikasimama mikokoteni, na punda wa mchuuzi, na wanawake wa mlimani na matenga yao, na watu waliotoka stesheni, mpaka barabara ikajaa toka ukingo hadi ukingo. Tangu reli ituondokee sikuwa nimeona watu wengi namna ile. Mdachi wa barabara alikuwa katikati yao juu ya nyumbu wake. Mtu mmoja akataka kunisogeza, nikamsikia Mdachi akimwambia, "Mwache. Ni mtani."

"Hapiti mtu!" nikasema. "Huyu aliniahidi kung'oa vigingi vyake jikoni mwangu akirudi safari. Amerudi safari ngapi? Hakuving'oa! Sasa anataka kupita hivihivi, amejifunika shuka, anajifanya hanisikii. Ainuke! Ainuke aving'oe ndipo apite!"

Ndivyo inavyotakiwa, watu wacheke. Walicheka. Mimi nilisubiri. Najua ulikuwa utani, nimeufanya kwenye misiba mingi tangu hapo, lakini siku ile nilisubiri kweli, nikilitazama lile shuka.

Mzee mmoja kati ya wabebaji akavunja kijiti kwenye ua la jirani, akaja, akachutama mbele yangu. Akakichovya kwenye majivu ya moto wangu, akakitoa, akaniwekea mkononi.

"Haya, mke wetu," akasema. "Amekwisha kuking'oa. Tupishe."

Nikakipokea. Nikainua sufuria, nikayasogeza mafiga moja moja mpaka ukingoni, na barabara ikafunguka. Wakapita. Ndio msafara wake wa kwanza uliopita jikoni mwangu bila kula.